Nani aliiua UDA, na mwendokasi inaelekea wapi? Jibu kwa msomaji wa Kimara

Swali lilivyokuja: "Shikamoo mtaalamu. Mi nakaa Kimara na kila asubuhi napanga foleni ya mwendokasi kwenda kazini mjini. Mzee wangu ananiambia enzi zao UDA ilikuwa na heshima yake, konda ana sare na tiketi, alaf ikafa kwa wizi na uvivu wa watu wa serikali, daladala wakaja kumalizia. Ni kweli? Na hii mwendokasi tunayoiona inaanza kuchoka, ndo inaelekea hukohuko?"

Marahaba binti yangu. Mzee wako hajakosea sana, ila amechukua mwisho wa stori akaufanya ndo stori nzima. Wizi ulikuwepo, uvivu ulikuwepo, hakuna anayebisha, lakini shirika la mabasi haliuawi na konda anayedokoa hela ya tiketi mbili tatu. Linauawa na nauli isiyotosha kununua dizeli na spea, huku aliyeipanga hiyo nauli hataki kulipa kinachopungua. Hapo ndo penye jibu langu, kwa UDA, lile shirika la umma la mabasi ya Dar, na kwa hiyo mwendokasi yako pia, mabasi yenye barabara yake peke yake, sasa ngoja nikupeleke taratibu.

Kabla ya UDA kulikuwa na DMT, Dar es Salaam Motor Transport, kampuni ya Waingereza iliyoanza 1949. Wakati huo jiji dogo, hata sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 tu, na safari zenyewe zinaeleweka: watu wanatoka Kariakoo, Ilala, Magomeni, Temeke, wanaenda maofisini Posta, bandarini au viwandani kule Pugu Road, ambayo saivi ndo Nyerere Road. Kwa kampuni ya mabasi mji wa namna hiyo ni mtamu, safari fupi, basi linajaa, linashusha, linajaa tena. Wazee wengi wanaosifia "mabasi ya zamani" ukiwabana vizuri unakuta wanasifia huo udogo wa mji.

Likaja Azimio la Arusha 1967, na 1970 DMT ikataifishwa. 1974 ikagawanywa vipande viwili, cha mjini kikawa UDA, Usafiri Dar es Salaam, na cha mikoani kikawa KAMATA, kampuni ya taifa ya mabasi ya masafa marefu. KAMATA yenyewe ilishakufa siku nyingi lakini ukipita pale Gerezani konda bado anaita "Kamata, Kamata shusha", vijana wanadhani ni jina la mtaa tu.

UDA ilianza vizuri na hapo mzee wako yuko sahihi. Kulikuwa na ratiba, kulikuwa na tiketi, na baadaye yakaja yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati kama akodiani, watu wakayaita kumbakumba maana lilikuwa linazoa kituo kizima. Ila hesabu zake zilikuwa na tatizo tangu siku ya kwanza. Nauli inapangwa na serikali, na serikali inayojiita ya wafanyakazi na wakulima haiwezi kupandisha nauli ya wafanyakazi kirahisi. Mwanafunzi analipa kidogo, sawa, ni haki yake. Lakini mafuta yalipanda vibaya baada ya 1973, yakapanda tena 1979, na mafuta hayanunuliwi kwa shilingi yananunuliwa kwa dola, tairi dola, injekta pampu dola, gia boksi dola, alaf mapato yako yote ni sumni (senti hamsini) na shilingi za abiria. Ukitaka spea unaomba kibali cha kuingiza na unasubiri Benki Kuu ikugawie fedha za kigeni, uko kwenye foleni moja na anayeomba ngano na anayeomba dawa za hospitali, sasa niambie wewe ndo ungekuwa mgawaji ungempa nani kwanza.

Hapo ndo yadi ya mabasi inapogeuka makaburi. Mtu ambaye hajawahi kukaa karakana hawezi kuelewa inavyoanza, maana haianzi kwa kishindo. Basi linaingia na ubovu mdogo, tuseme alternata imekufa, spea hakuna, fundi anaambiwa asubiri, kumbe kuna lingine pembeni limelala kwa ajili ya gia boksi, anachukua alternata ya hilo anaiweka kwenye hili na linatoka barabarani siku hiyohiyo, kila mtu anapiga makofi. Wiki ijayo lile la pembeni linatolewa na kioo, baadaye tairi, linapandishwa kwenye mawe, na siku gia boksi yake inafika kutoka Ulaya basi lenyewe halipo tena, limebaki bodi tu. Kwenye vitabu vya shirika bado linahesabika ni basi, huko kituoni kwa abiria halipo. Ukisoma takwimu zozote za UDA za kipindi kile usiangalie walikuwa na mabasi mangapi, tafuta mangapi yalitoka getini asubuhi, maana hizo namba mbili zilikuwa zinaachana kila mwaka.

Na wakati mabasi yanapungua watu wanazidi. Sensa ya 1978 mkoa ulishafika watu 843,090, yaani zaidi ya mara mbili ya miaka kumi na moja nyuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vita ya Kagera 1978 na 1979 imekausha hazina, mafuta yakawa ya kugawana mpaka ikafika mahali Jumapili mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani. Ongeza na jambo ambalo watu huwa hawalizungumzii: asubuhi abiria wote wanaelekea upande mmoja. Basi linajaa mpaka mlangoni kwenda mjini, linarudi na watu watano. Wewe ukiwa foleni Kimara unaona basi tupu linakuja unakasirika, unajiuliza hawa walikuwa wapi, lakini hilo tupu limechoma dizeli ileile ya lililojaa. Mji ukitanuka ile safari ya kurudi tupu inazidi kuwa ndefu, nauli inabaki palepale.

Sasa daladala waliingiaje. Hawakuja kuua UDA, walikuja kujaza pengo, tena kwa kuvizia. Mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 kulikuwa na magari binafsi yanabeba watu kinyume cha sheria, kuna yaliyoitwa sumni kwa sababu ya nauli yake, na kuna chai maharage, pikapu iliyofungwa mabenchi mawili huko nyuma mnakaa mnatazamana magoti yanagusana kama mko kwa mama ntilie. Polisi wakitokea, konda anawaambia abiria semeni nyie ni ndugu mnaenda msibani. Serikali ilikuwa inakamata magari hayo huku inajua kabisa bila hayo wafanyakazi wake hawafiki kazini, na mashirika mengi ya umma yalishaanza kununua mabasi yao wenyewe ya kubeba wafanyakazi, maana yake nini, maana yake hata serikali ilikuwa haiitegemei tena UDA.

1983 ndo mlango ukafunguliwa. Ni mwaka uleule wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na katikati ya msako wa walanguzi serikali hiyohiyo ikaruhusu watu binafsi wabebe abiria mjini. Lakini angalia walivyofanya: kibali kinatolewa kupitia UDA, yaani shirika lililoshindwa kazi ndo linamkatia leseni mshindani wake na kuchukua ada. Nauli shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala, makonda wakawa wanaita dala dala, jina likaganda mpaka leo.

Kuna watu wakifika hapa wanasema unaona, ujamaa ndo uliua. Mi huwa nawaambia wavuke mpaka waende Nairobi. Kule kulikuwa na Kenya Bus Service tangu 1934, kampuni ya Waingereza, haikutaifishwa, 1966 halmashauri ya jiji ilichukua hisa asilimia 25 tu na KBS ikalindwa ibebe abiria wa jiji peke yake. Ubepari kamili. Na bado matatu zikaanza kwa kujificha kama chai maharage zetu, 1973 Kenyatta akaziruhusu, na KBS ikaanza kuchechemea, mwaka 1991 ikanunuliwa na Stagecoach wa Uingereza, watu wanaojua biashara ya mabasi kuliko karibu mtu yeyote, nao 1998 wakauza wakaondoka. Kwahiyo una miji miwili, mmoja wa kijamaa mmoja wa kibepari, na ugonjwa mmoja. Kampuni kubwa yenye ratiba, yenye kulipa pensheni, yenye kupeleka basi hata saa nne usiku lenye abiria sita, inashindana na kigari kinachotembea pale tu penye watu. Kama hakuna anayelipia lile basi la saa nne usiku kampuni kubwa itakufa tu, awe mwenye nayo ni Mwingereza au ni Mtanzania.

Na huyo wa kigari naye anawezaje? Hapa ndo watu wengi hawapaoni. Miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ya Japani ikamiminika, vipanya vya Hiace, DCM, baadaye Coaster na Civilian zenye mistari ya rangi ubavuni kukuonyesha ruti. Ukiangalia kwa nje unasema sekta binafsi ina ufanisi. Ukikaa siti ya mbele na dereva unaona kitu kingine. Tajiri hataki kujua umebeba watu wangapi, anataka hesabu yake jioni. Tuseme hesabu ni laki moja (mfano tu, usiende kubishana na mtu stendi), dereva anaweka mafuta mwenyewe, analipa wapiga debe mwenyewe, akikamatwa na trafiki anajua mwenyewe, kinachobaki ndo anagawana na konda. Mpaka saa nane mchana anatafuta hela ya tajiri, yake inaanza baada ya hapo. Mvua ikinyesha barabara ikaziba hesabu haipungui. Akichoka anamwachia deiwaka, dereva wa kushikilia kwa muda, tripu mbili akalale kidogo pembeni. Watafiti waliofuatilia kazi hii mwishoni mwa miaka ya 90 walikuta wengi mno hawana mkataba wowote na siku yao ya kazi ni ndefu kupita kiasi, na ndo maana wenyewe waliamua kuunda chama chao cha madereva na makondakta, UWAMADAR, cha kwanza walichodai ni mikataba.

Ukishaelewa hesabu unaelewa karibu kila kitu unacholalamikia daladala. Kwanini anakatisha ruti? Kwa sababu kipande cha mwisho hakina watu. Kwanini anakaa kituoni hasogei? Dizeli ni yake, hawezi kwenda na siti tupu. Kwanini anamzuia mwanafunzi mlangoni, mtoto kavaa sare analia na saa moja imeshapita? Mwanafunzi anatoa 200 na anakaa nafasi ya mtu mzima anayetoa mara tatu yake, punguzo limetangazwa na serikali lakini anayelilipa ni konda, kutoka kwenye hela yake ya ugali. Simtetei, ukimsukuma mtoto mlangoni umemsukuma mtoto. Nachosema ni kwamba ule mzigo uliokuwa unaibana UDA, nauli ndogo isiyofidiwa, haukuondoka. Ulihamishwa tu mgongoni kwa shirika ukawekwa mgongoni kwa dereva na konda, na dereva na konda hawana vitabu vya hesabu vya kuonyesha hasara, kwahiyo tukadhani hasara imeisha.

UDA yenyewe haikufa siku moja. Iliendelea kuwepo na mabasi machache miaka na miaka, Jiji likiwa na hisa asilimia 51 na serikali kuu 49, na kilichobaki cha thamani kilikuwa zaidi ardhi na jina kuliko mabasi. 2011 ikauzwa kwa kampuni binafsi, Simon Group, uuzaji ule ukaleta mzozo mrefu mpaka Bungeni, siingii huko maana ni kitabu kizima.

Haya, mwendokasi. Wazo lilianza kuzungumzwa 2002 hivi, Kleist Sykes akiwa Meya wa Jiji, mfano ukiwa Bogotá kule Kolombia. Wakala wa DART, chombo cha serikali cha kusimamia mwendokasi, ukaanzishwa 2007, ujenzi wa awamu ya kwanza ukaanza 2012 chini ya kampuni ya ujenzi ya Strabag kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilomita kama 21, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani. Mei 2016 mabasi yakaanza, Januari 2017 Rais Magufuli akazindua rasmi. 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, jiji la kwanza Afrika kuipata, na ilistahili jamani, mtu aliyekuwa anatumia saa mbili na nusu Kimara hadi Posta akawa anatumia dakika arobaini na kitu. Hilo tusilisahau hata ukiwa na hasira foleni.

Ila angalia ilivyoanza. Mpango kamili ulitaka mabasi 305, yakaanza 140 ya Golden Dragon, ikaitwa huduma ya mpito, mwendeshaji ni UDA-RT, kampuni iliyoundwa na hiyohiyo UDA pamoja na vyama vya wenye daladala. Nauli njia kuu 650. Mpito ukakaa miaka. Mengine 70 yaliletwa 2018 yakakwama muda mrefu kwa mvutano wa kodi, yaani mabasi mapya yanapigwa jua yadi huku wewe umebanwa mlangoni Ubungo Maji. Karakana imejengwa Jangwani, bonde la Msimbazi, bonde ambalo linajaa maji kila mvua kubwa na kila mkazi wa Magomeni angekwambia hivo bure, mafuriko yakaingia mpaka kwenye mabasi. Daraja la juu linalojengwa pale litasaidia barabara, ila mabasi yaliyoloa injini yalishaloa. Na Mbagala ndo ajabu zaidi, barabara imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, zege safi, vituo safi, ikakaa muda mrefu imekamilika haina mabasi, bodaboda na watembea kwa miguu wakawa wanaipita tu.

Kwahiyo inakufa kama UDA? Mi siamini kwamba lazima, na sababu yangu ni njia yenyewe. UDA ilikuwa na mabasi tu, likikwama kwenye foleni ya magari ya Magomeni linakwama na pikapu zote. Mwendokasi ina barabara yake, na barabara hiyo haiwezi kuchunwa spea. Mabasi yakifa yote leo ukaleta mengine kesho huduma inarudi kesho kutwa. UDA haikuwa na kitu cha namna hiyo cha kurudia.

Lakini dalili unazoziona si za kufikirika. Mabasi machache yanabeba watu wengi kuliko uwezo, kwahiyo yanachakaa haraka, yanapungua, yaliyobaki yanabeba zaidi, na spea bado ni dola kama 1979. Nauli bado inapangwa na serikali kupitia mamlaka yake ya usafiri, zamani ilikuwa SUMATRA, tangu 2019 ni LATRA, na bado ikifika wakati wa kupandisha kila mwanasiasa anageuka mtetezi wa wanyonge. Sina shida na nauli ndogo. Miji mingi yenye usafiri mzuri, London na Paris zikiwemo, nauli ya abiria peke yake haiendeshi mfumo wote, kuna hela ya kodi inaingia, imeandikwa kwenye bajeti, kila mtu anaijua. Sisi tunataka nauli ya kisiasa na shirika la kujitegemea kwa wakati mmoja, alaf likifa tunamtafuta konda mwizi.

Wewe kama abiria kuna vitu unaweza kuangalia mwenyewe bila kusubiri ripoti. Wakitangaza mabasi mapya mia, usishangilie mia, angalia baada ya miaka mitatu yanayopita Kimara asubuhi ni mangapi. Wakisema wanaleta mwendeshaji binafsi, sawa, mi sina neno naye, ila uliza analipwaje. Kama analipwa kwa kilomita alizotembeza atapeleka basi hata saa nne usiku kwa sababu kilomita ni kilomita. Kama analipwa kwa kichwa cha abiria, na hakuna anayemfidia wanafunzi na safari tupu za kurudi, basi umemleta tajiri wa daladala mwenye mabasi marefu, na muda si mrefu utaanza kuona yanasubiri yajae pale Kimara ndo yaondoke.